Amahanga: Habari za Mateso ya Wageni katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Katika lugha ya Kirundi liko neno amahanga, ambalo maana yake ni nchi za kigeni, na tena mataifa yasiyo ya kwenu. Mrundi afikapo Nyamahanga hulisikia jina la mahali hapo kama neno la kwao. Sisi hatutaki kujenga historia juu ya mfanano wa majina, maana wengi wamepotea kwa njia hiyo. Lakini neno hili latufaa kuwa mlango wa habari zetu. Kwa kuwa tangu mwaka wa 1959 nchi hii, yaani wilaya za Ngara na Biharamulo, imekuwa amahanga kwa watu wengi sana walioikimbilia wakiwa hawana kitu ila roho zao. Habari za mahema yao, na maji yao, na unga waliopimiwa, zimekwisha kuandikwa na wengine. Shabaha yetu ni nyingine. Twataka kuonyesha kwamba msiba ulio mmoja hauwi mateso yaliyo mamoja, kwa kuwa ni desturi na dini zinazompa mtu neno la kuliita jambo lililompata, na ruhusa ya kulilia au kulinyamazia, na hadithi ya kuliweka ndani yake. Mwalimu au padre asiyejua hayo atawafariji watu kwa maneno wasiyoyasikia.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ngara ni nchi ya milki mbili za zamani, Bugufi ya Wahangaza na Bushubi ya Washubi. Biharamulo ni nchi ya Wasubi na Wazinza. (Washubi na Wasubi wasichanganywe, kama vitabu vingine vifanyavyo.) Mto Ruvubu hupita Ngara na kukutana na Kagera penye maporomoko ya Rusumo. Wakati wa Wadachi Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi. Baada ya vita vya kwanza ikawa chini ya Waingereza katika Tanganyika, na ijapokuwa Mwami Mwambutsa wa Urundi aliudai urudishwe kwake ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipopita mwaka wa 1948, haikurudishwa. Basi Mhangaza na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani, hucheka mizaha ile ile, na hulia karibu namna ile ile, ila serikali zao ni mbili. Jambo hilo limekuwa neema kwa mkimbizi, na baadaye limekuwa mtego, kama tutakavyoona.

Wageni walikuja kwa mafungu. Kwanza Watutsi wa Rwanda, baada ya machafuko ya mwaka wa 1959. Wengi wao wakawekwa Muyenzi katika Ngara. Kisha Wahutu wa Burundi mwaka wa 1972. Kisha Warundi tena, baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwisho ule mkutano mkubwa wa Wanyarwanda waliovuka daraja la Rusumo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapitao 200,000 katika muda wa siku moja, wakakaa Benako, hata wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima. Katika siku zile zile maiti zilikuwa zikichukuliwa na maji chini ya daraja hilo, zikashuka kwa Kagera mpaka ziwa la Viktoria, na watu wa Uganda wakazizika huko pwani ya ziwa.

Sasa tuangalie maneno. Warundi huyaita mambo ya mwaka wa 1972 ikiza. Ikiza ni balaa, kama tauni au njaa kuu. Ni neno lisilo na mtendaji. Wala hatudhani kwamba ni bahati tu. Waliouawa mwaka ule walikuwa hasa Wahutu waliosoma, walimu, makarani, wanafunzi, hata mapadre na wachungaji. Na waliobaki nchini hawakuwa na ruhusa ya kumtaja aliyeua. Neno lisilo na mtendaji likawa kifuniko. Baba aliweza kumwambia mwanawe, "Babu yako alikufa wakati wa ikiza," na jirani aliyesikia asiwe na neno la kumshtaki. Baada ya hapo wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto shuleni, wakiona kwamba kalamu ndiyo iliyowaua ndugu zao. Ni jambo la kutafakari kwetu sisi tuliozoea kusema kwamba shule ni nuru: kwa watu hao mwaka ule ilikuwa alama ya kutambuliwa.

Wanyarwanda, kwa mambo ya mwaka wa 1994, walifanya neno jingine, itsembabwoko, yaani kuangamiza ukoo au kabila lisibakie. Na hapa mtendaji yumo ndani ya neno, japokuwa hakutajwa jina. Waswahili nao tuna mateso, kutoka kutesa, ambalo lina mtesaji. Na tuna msiba, neno la Kiarabu, ambalo ni kitu kinachompiga mtu kutoka nje. Mkatekista asomaye habari za Mateso ya Bwana katika Juma Kuu mbele ya Warundi, na aangalie: wao watamwuliza kimoyomoyo, Nani aliyemtesa? na wataisikia hadithi ile kwa masikio mengine kuliko wale ambao msiba wao ulitoka kwa mvua au nzige.

Tena kuna desturi ya machozi. Wanyarwanda wana methali, Amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, maana yake, machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni. Mtu mzima aliaye hadharani alihesabiwa kuwa amejivunjia heshima. Afiwaye huambiwa ihangane, ambalo ni amri: jizuie, jishike. Sisi husema pole. Maneno hayo mawili hutumiwa mahali pamoja, wala si mamoja. Asemaye pole humpa mwenzake upole, asimwagize kitu. Asemaye ihangane humkabidhi mwenye msiba kazi ya kufanya. Wageni wengi wa Ulaya waliokuja Ngara mwaka wa 1994 kuwatibu watu waliona nyuso kavu, wakidhani mioyo imekufa. Haikuwa imekufa. Miaka iliyofuata Wanyarwanda walipata neno ihahamuka kwa ajili ya ugonjwa wa wale waliovunjika kwa hofu, neno lihusulo pumzi na mapafu: mtu huyo pumzi imemtoka, hushtuka, hupiga kelele, hukimbia mahali pasipo na adui. Kilichokatazwa kutoka kwa macho kilitoka kwa kifua.

Na mambo ya Mungu? Wahenga wa Rwanda na Burundi walimjua Imana, aliye mwema, aumbaye na kutoa, asiyetolewa sadaka za kutuliza hasira. Mabaya hayakutoka kwake. Yalitoka kwa mizimu ya waliokufa wakiwa na kinyongo, au kwa wachawi. Kwa hiyo aliyepatwa na shida hakuuliza, Kwa nini? bali aliuliza, Nani? Alikwenda kwa mpiga ramli, umupfumu, akatajiwa jina, akajua la kufanya. Tena palikuwa na kubandwa, ibada ya Kiranga huko Burundi na ya Ryangombe huko Rwanda, ambamo watu waliingizwa kwa siri, wakawa ndugu bila kutazama daraja ya mtu. Wamisionari wa kwanza waliikataza kwa nguvu. Hatusemi walikosa kukataza. Lakini tunasema kwamba waliondoa mahali ambapo mtu mnyonge aliweza kupiga kelele, kucheza, na kuitwa jina jingine, wasiweke kitu kingine badala yake kwa muda mrefu. Swali la "Nani?" halikufa kwa kukatazwa. Lilikaa kimya, na mwenye siasa alipokuja na jibu lake, alilikuta linamngoja.

Majina ya watu yanashuhudia haya kuliko vitabu. Katika Rwanda na Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la ukoo, na jina hilo mara nyingi ni sentensi nzima. Hakizimana: aponyaye ni Mungu. Nzeyimana: namtumaini Mungu. Sindayigaya: simlaumu Mungu. Baranyanka: wananichukia, na chifu mmoja mkuu wa Urundi wakati wa Wabelgiji aliitwa hivyo. Mzazi ambaye desturi ilimfunga kinywa alisema neno lake kwa mtoto, na kila jirani aliyemwita mtoto alilirudia, hata yule aliyekusudiwa. Sisi tuliobatiza tuliandika Petro au Maria, na jina la pili tukaliandika vibaya.

Tufike kwenye maziko, kwa maana hapa ndipo amahanga palipouma kuliko penginepo. Desturi ya Kirundi ni kwamba mtu akifa, ndugu huacha jembe kwa siku kadhaa. Kisha kazi hufunguliwa. Na baadaye, pengine baada ya miezi mingi, huja siku ya kuganduka, ambapo msiba wenyewe hufungwa. Siku hiyo jamaa na majirani hukusanyika, pombe hunywewa, madeni ya marehemu husemwa, mrithi hujulikana, na mjane hurudishiwa nafasi yake. Bila siku hiyo kifo hakijaisha. Basi fikiri mtu aliyekimbia usiku, aliyeacha maiti ya baba yake bila kuizika, au asiyejua kama mkewe yu hai. Aanze kuomboleza lini? Amalize lini? Nani atasema madeni, na mrithi arithi nini? Watu hao walikaa katika msiba ulio wazi miaka na miaka. Mtu wa nje aliwaona wanalima, wanacheka, wanaoa, akasema wamepona. Kwa desturi yao wenyewe walikuwa bado matangani.

Katika hali hiyo, dini iliwapa wengine hadithi ya kuuweka msiba ndani yake. Kwa habari hii yatubidi kutoka Ngara kidogo twende kusini, kwa kuwa ndiko ilikochunguzwa vizuri. Wengi wa Wahutu wa mwaka wa 1972 walipelekwa katika makazi matatu, Ulyankulu, Katumba, na Mishamo, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1978 katika nchi ya Mpanda. Mwaka wa 1985 na 1986 mwanachuoni wa Finlandi, Liisa Malkki, alikaa kwa watu wa Mishamo, kisha kwa watu wa kabila lile lile, wa mwaka ule ule, waliokaa mjini Kigoma pasipo kambi. Aliyoyasikia aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1995, na mapadre wangefaa kukisoma. Watu wa Mishamo walimsimulia historia moja, karibu kwa maneno yale yale kila nyumba: walikuwa taifa lenye nchi, wakafanywa watumwa kwa hila, wakachinjwa, wakatoka, na taabu ya kambi ni jaribu la kuwatakasa mpaka siku ya kurudi. Waisraeli na utumwa wao na jangwa lao walikuwa kioo chao. Watu wa Kigoma hawakuitaka hadithi hiyo. Walijichanganya na wenyeji, wakaoana nao, wengine wakabadili majina, wakasema ya kale yamepita.

Damu moja, msiba mmoja, na tazama tofauti! Jembe lililomchosha mtu wa Mishamo lilikuwa na maana. Lile la mtu wa Kigoma lilikuwa jembe tu. Lakini tusiharakishe kumsifu wa kwanza kwa kuwa ametumia Maandiko. Hadithi ya Kutoka ina Farao ndani yake, na anayejiweka mahali pa Israeli hana budi kumweka mtu fulani mahali pa Farao. Wakatoliki na Waprotestanti pia tumeihubiri sura ile mara nyingi tusiulize wasikilizaji wetu wanamwona nani wanapolisikia jina la mfalme yule. Mtu wa Kigoma, ambaye katekista alimwona vuguvugu, huenda alikuwa amechagua kutokuwa na Farao. Lakini na yeye alilipa: alificha jina la baba yake, na ajifichaye hawezi kufanya kuganduka.

Njia ya tatu ilitoka Rwanda. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, misheni ya Kianglikana upande wa pili wa Kagera, ukavuka mto ukafika Bugufi na Katoke, ambako palikuwa na chuo cha walimu. Hao ndio walokole. Wazee wengi wa misheni waliudhika na kelele zao za usiku, na kujisifu kwao, na namna walivyowaambia wachungaji wao kwamba hawajaokoka; na katika mengine waliudhika kwa haki. Lakini katika jambo letu la leo walifanya kitu kikubwa: walivunja methali ya machozi. Mwanamume alisimama mbele ya wake na watoto na watu wa daraja ya chini, akatubu wizi wake na chuki yake akilia, na hakupoteza heshima, bali aliipata. Mhutu na Mtutsi waliungamana. Kwa mara ya kwanza katika nchi hizi palikuwa na mahali pa hadhara ambapo maumivu ya moyo yangeweza kutajwa pamoja na jina la mtendaji, na mtendaji huyo alikuwa ni mimi mwenyewe. Udhaifu wake nao ulikuwa hapo hapo. Anayetafuta dhambi yake tu hujifunza kuona mateso aliyotendewa kuwa ni adhabu, na mjane aliyenyang'anywa shamba anaweza kuishia kuomba radhi.

Wala dini haikuzuia. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme mwaka wa 1946, na magazeti ya misheni yalishangilia. Aprili 1994 maelfu walikimbilia kanisa la Nyarubuye, si mbali na Rusumo, wakidhani kwamba nyumba ya Mungu haiingiwi kwa panga, wakauawa humo. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa wilaya ya Rusumo, ambaye mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka wa 2004 kwa mauaji hayo, alivuka mto pamoja na watu wake na kukaa Benako. Basi padre aliyesoma Misa Benako hakujua mikono iliyonyoshwa mbele yake imefanya nini. Palikuwa na wauaji, na palikuwa na watoto wasiojua lolote, na wote waliitwa kwa neno moja, wakimbizi, na wote waliambiwa neno moja, vumilieni. Neno hilo kwa mtoto lilikuwa kidogo mno, na kwa mwuaji lilikuwa zawadi. Desemba 1996 serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengine walijaribu kukimbilia mashariki porini, wakageuzwa, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kwa kuelekea magharibi. Makaburi yao yalibaki Ngara.

Warundi walibaki Lukole, katika Ngara hiyo hiyo, kwa miaka mingine kadhaa. Huko mwanachuoni wa Denmarki, Simon Turner, aliwasikia wanaume wakilalamika kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limekuwa mume bora kuliko wao, kwa kuwa ndilo lilishalo wake zao. Wengine watacheka. Lakini kwa desturi ambayo mume ni mtu mwenye shamba na ng'ombe na neno katika baraza, unga wa kupewa ulikuwa kipigo. Mwanamke yule yule, katika foleni ile ile, huenda aliona afueni.

Yaliyobaki tuyaseme kwa ufupi. Mwaka wa 1980 Tanzania ilikubali kuwapa uraia Wanyarwanda kiasi cha 36,000 wa fungu la kwanza. Warundi wa mwaka wa 1972 katika makazi yale matatu waliulizwa mwaka wa 2007 kama wanataka kurudi au kukaa, na baadaye kiasi cha 162,000 wakakubaliwa kupewa uraia. Vyeti vilianza kutolewa mwaka wa 2014. Kati ya hayo mawili, mwaka wa 2013, ulipita msako wa wahamiaji ulioitwa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, na maelfu wakavushwa mpaka, wakiwamo waliokaa hapa tangu utoto wao. Hapa ndipo lugha ya jirani ilipokuwa mtego. Mhangaza husema karibu sawa na Mrundi. Mnyarwanda wa mwaka wa 1960 ana wajukuu wasiojua kilima kingine ila hiki. Matamshi ya mtu na jina lake ndivyo vilivyopimwa, na jina ambalo babu alilitoa ili amtaje Mungu likawa ushahidi wa ugeni.

Ndiyo sababu tunawaomba wasomaji wetu walio na vitabu vya ubatizo vya zamani, hasa vya Rulenge, Murgwanza na Katoke, wasivitupe kwa kuwa vimeliwa na mchwa. Wayanakili majina ya pili kama yalivyoandikwa, pamoja na mwaka na kijiji, na waulize kwa wazee maana ya kila moja, na jambo gani lilikuwa limetokea nyumbani wakati lilipotolewa. Aidha walioko Nyamahanga na vijiji vya jirani watufahamishe kama siku ya kuganduka bado inafanywa kwa wale waliokufa bila kuonekana, na ikiwa inafanywa, ni kitu gani kinachowekwa mahali pa maiti.